Mkebe wa nyanya: namna ya kufufua kadi zako za Pokémon za utotoni

Kama uliwahi kuwa na kadi za Pokémon ukiwa mdogo, zile za mchezo zenye picha za viumbe wa katuni, usiseme zimepotea mpaka upande juu ya kabati la mwanamke mkongwe kuliko wote nyumbani kwenu. Zangu nilizikuta huko Agosti 2017, Kibokoni, Mombasa, ndani ya mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kipande cha leso. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka Dubai, na dada yangu alinituma niteremshe masufuria ya shughuli. Nikateremka na mkebe. Tulipoufungua, sebule nzima ikanuka karafuu.

Zilifikaje huko? Mjomba wangu alikuwa baharia. Mwaka 2000 alirudi na zawadi mbili: redio ya mama, na boksi la Pokémon la kuanzia, lile la wachezaji wawili. Nilikuwa na miaka kumi. Mwaka uliofuata mashekhe wa Saudia wakatoa fatwa kwamba Pokémon ni haramu, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba mchezo wenyewe wafanana na kamari. Habari ilifika mtaani kwetu ikiwa imeshaongezewa chumvi. Mama, mwalimu wa shule ya msingi, hakubishana na mtu: alisema hizo karata zitoke nyumbani mwake kabla ya magharibi. Nilimpa nyanya akazitupe. Nyanya hakuwahi kutupa kitu maishani mwake. Alizitia karafuu kama alivyozitia nguo zake za Idi, akafunga, akanyamaza miaka kumi na sita.

Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyafanya na zile kadi, pamoja na yale niliyoyafanya vibaya. Wewe anza pale nilipoishia.

Kwanza, usiguse kitu

Najua mkono utawasha. Subiri. Nawa, ukauke vizuri, zima feni, tandika kitambaa cheupe kisicho na nyuzi za kutoka. Feni nimeitaja kwa makusudi. Ya kwetu iliinua kadi mbili za juu ikazibandika kwenye bakuli la mbaazi.

Kadi zangu zilikuwa zimefungwa kwa ule mpira mwembamba wa kufungia noti. Mpira ukizeeka kwenye joto la pwani huyeyuka, kisha hukauka ukawa kama gundi. Nilipouvuta, ulitoka na ukingo wa kadi ya kiumbe Rattata na kipande cha mgongo wa ile ya Diglett. Ungekuwa wako, ukate kwa mkasi mdogo mahali usipogusa kadi, na yale mabaki yaliyoshika yaache palepale kwa siku ya kwanza.

Karafuu nazo zina mafuta. Zilikuwa zimeacha madoa ya rangi ya chai kwenye kadi zilizokuwa chini kabisa. Doa la mafuta ndani ya karatasi halitoki. Usijaribu spiriti, usijaribu sabuni, na ukisikia mtu anakwambia unga wa talkam, mshukuru uendelee na safari yako. Nilitoa karafuu zote, nikapangusa mkebe, kadi za madoa nikazitenga. Hizo ndizo tunazochezea leo.

Zilizogandana

Kadi zilizolala pamoja miaka mingi kwenye unyevu hushikana, hasa nyuso zinazong'aa. Ukizivuta, wino hubaki upande mmoja. Mimi niliziweka fungu zima kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kuvuta unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Dada yangu ana viatu vingi, kwa hiyo sikuhangaika kuvitafuta. Baada ya siku nne nilishika fungu kwenye ncha mbili nikalipinda kidogo sana, mbele na nyuma, kama mtu anayetaka kuchanganya karata halafu akaghairi. Nyingi ziliachana zenyewe kwa mlio mdogo. Nne hazikuachana. Mbili kati ya hizo nilizilazimisha, na Pikachu mmoja sasa hana uso.

Zilizopinda

Hapa ndipo watu wa pwani tunapopata tabu kuliko wengine, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kadi ya kawaida ni karatasi tupu pande zote, kwa hiyo ikivuta unyevu hutanuka kwa kulingana. Kadi inayong'aa ina utando mwembamba wa kung'aa upande wa uso, na huo utando hauvuti maji. Karatasi ya mgongoni hutanuka, utando unabaki vilevile, basi kadi inakunjamia usoni. Ukiilaza uso juu, ncha zinanyanyuka kama dau. Machamp wangu, kadi ya kung'aa, alitoka kwenye mkebe akiwa dau kamili, ungeweza kumpakia mawe.

Nilimchukua nikarudi naye Dubai. Tulikuwa watu sita chumba kimoja na kiyoyozi hakizimwi usiku wala mchana, hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Baada ya wiki tatu nikamtazama: amenyooka! Nikafurahi, nikamwacha palepale juu ya kabati la chuma. Mwezi wa pili akaanza kupinda upande wa pili, katikati juu na ncha chini, kama mgongo wa kobe. Kadi ileile, miji miwili. Karatasi ilikuwa imekauka kupita kiasi, ikasinyaa nyuma ya utando.

Kwa hiyo dawa ya kadi kupinda si kuikausha tu, ni kuiweka mahali ambapo unyevu haupandi wala haushuki sana. Nunua kipima unyevu kidogo, kile cha namba, ukitie ndani ya boksi pamoja na vipakiti vyako. Mimi nataka nione kati ya asilimia 40 na 50. Mombasa hewa ya nje mara nyingi hupita 70, kwa hiyo kila ukifungua kifuniko unaingiza bahari. Fungua kwa sababu. Ikishuka chini ya 40, toa pakiti moja. Kadi ikinyooka, itie kwenye kifuko chake, iweke katikati ya vitabu viwili vizito kwa wiki moja. Usiipige pasi. Nimeona mtu akiipiga pasi, tena na kitambaa juu, na utando ukafanya malengelenge.

Vifuko na albamu

Kadi ya Pokémon ina upana wa milimita 63 na urefu wa 88. Ukienda kununua vifuko vya plastiki, taja vipimo, kwa sababu kuna vifuko vidogo vya kadi za Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa kadi, ambazo ni 59 kwa 86. Pokémon haiingii humo bila kuvunjika pembe, na mwenye duka atakwambia inaingia.

Albamu, nusa. Ile inayonuka kama pazia jipya la bafu ni ya PVC, aina ya plastiki, na ile harufu ni kemikali inayotoka kwenye plastiki ikielekea kwenye kadi zako. Tafuta iliyoandikwa polypropylene, plastiki ya aina nyingine. Epuka pia zile za pete katikati. Pete hukandamiza kadi za safu ya ndani, utaona alama ya mwezi kwenye kila moja.

Kusoma kadi, au namna nilivyokuwa tajiri kwa siku tisa

Tazama pembe ya chini kulia. Utaona namba kama 58/102, na alama ndogo pembeni yake: duara ni kadi ya kawaida, almasi ni ya wastani, nyota ni adimu. Namba ya pili ndiyo idadi ya kadi za seti, yaani mkusanyiko uliotolewa pamoja. Ukiona 102 na hakuna alama yoyote ya seti chini ya picha upande wa kulia, hiyo ni seti ya kwanza ya Kiingereza, iliyotolewa Marekani na kampuni ya Wizards of the Coast Januari 1999. Ikiwa na alama ya ua, ni Jungle, kadi 64. Hizo mbili ndizo utakazozikuta zaidi kwenye mikebe.

Sasa tazama chini ya picha, upande wa kushoto. Kadi za chapa ya kwanza, yaani zilizochapwa mara ya kwanza kabisa, zina muhuri mdogo mweusi wenye namba 1. Huo ndio muhuri unaotafutwa na dunia nzima. Na Machamp wangu, namba 8/102, alikuwa nao.

Sikulala. Nilitafuta bei za chapa ya kwanza, nikaona takwimu za kutia kizunguzungu, nikampigia dada yangu nikamwambia asimpe mtu yeyote ule mkebe. Nilishahesabu pikipiki mbili za bodaboda, moja yangu na moja ya shemeji. Ijumaa iliyofuata nikaenda kwa muuzaji mmoja wa kadi, nimemvalisha Machamp ganda gumu la plastiki, nimemtia mfuko wa shati upande wa moyo. Yule bwana alimwangalia kwa sekunde mbili. Akavuta droo. Ndani kulikuwa na Machamp kama thelathini, kila mmoja na muhuri wake.

Ni kwamba Machamp huyo hakutoka kwenye pakiti, zile zinazouzwa zimefungwa bila kujua kadi zilizomo. Alikuwa anawekwa kwenye lile boksi la wachezaji wawili, na waliendelea kumchapa na muhuri wa kwanza hata baada ya chapa ya kwanza kwisha. Kila mtoto aliyenunuliwa lile boksi anaye. Thamani yake ni ndogo tu. Bodaboda zikaondoka na wenyewe.

Kwa kadi nyingine za seti hiyo, muhuri una maana kubwa. Na kama hakuna muhuri, bado tazama fremu ya picha: chapa za baadaye zina kivuli cha kijivu upande wa kulia wa fremu. Kadi isiyo na kivuli ni ya mapema zaidi, na mstari wake wa haki miliki chini kabisa una "99" baada ya 95, 96 na 98. Utahitaji miwani. Halafu ukitafuta bei, angalia zilizokwisha kuuzwa, siyo zinazotangazwa. Hata mimi naweza kutangaza Pikachu wangu asiye na uso kwa milioni.

Kuhusu kupeleka kadi Marekani zipimwe na kampuni kama PSA na kupewa alama ya 1 hadi 10: kama kadi ina doa la karafuu, usijisumbue.

Bandia

Ndani ya mkebe kulikuwa pia na Charizard, joka la moto, 4/102, ile kadi ambayo kila mtu huuliza "unayo?" Hii sikupewa na mjomba. Nilibadilishana darasa la tano, nikatoa kalamu mbili za rangi na gololi kumi na moja. Miaka yote niliamini ni ya kweli. Usiku mmoja mwaka 2017, stima imepotea, nikaketi na tochi ya simu na Machamp pembeni kama shahidi.

Nilifuata mpango huu, nawe uufuate hivyo hivyo, kutoka jambo jepesi kwenda gumu. Kwanza mgongo. Weka kadi mbili mgongo juu: bluu ya kadi halali imekolea na ina mawimbi, ya Charizard wangu ilikuwa imepauka ikielekea zambarau. Pili, mng'ao. Kwenye seti ile ya kwanza, kinachong'aa ni dirisha la picha peke yake. Charizard wangu aling'aa kadi nzima mpaka kwenye maandishi, kama bahasha ya harusi. Hapo ningeweza kuacha, lakini moyo ulikataa. Tatu, herufi: lile neno Pokémon lina alama juu ya e. Yangu haikuwa nayo. Nne, mwanga. Bana tochi nyuma ya kadi gizani. Machamp alipitisha mwanga kidogo tu, mwekundu wa mbali. Charizard aliwaka kama taa ya karabai. Tano, ukingo. Kadi halali ina tabaka jeusi katikati ya karatasi, na ukiitazama ubavuni kwa lenzi utaona mstari mwembamba wa giza. Lenzi niliazima kwa fundi saa asubuhi yake. Hakuna mstari.

Watu hupendekeza kuichana ili uone ndani. Chana ikiwa tayari umeshajua ni bandia na unataka kumwonyesha mtoto. Mimi sikuichana. Gololi kumi na moja si mchezo.

Kununua, na maneno ya mama

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu linauma. Mwezi wa kwanza baada ya kupata mkebe nilichukua bakshishi zangu zote za hotelini nikanunua pakiti 19. Pakiti ya kawaida ya Kiingereza siku hizi ina kadi 10, na hujui zipi. Nilizifungua kitandani usiku mmoja. Nilipata nakala tano za mdudu yuleyule. Mwenzangu wa kitanda cha juu, kijana wa Kerala, aliangalia yale makaratasi sakafuni akaniuliza mwezi ule nimetuma kiasi gani nyumbani.

Hapo nikamkumbuka mama. Mchezo wenyewe si kamari. Unakaa, unafikiri, unashindwa, mnakunywa kahawa. Lakini kufungua pakiti kwa matumaini ya kadi ya bei, hiyo ni kamari iliyovaa katuni, na mama alikuwa ameiona tangu 2001. Tangu siku hiyo nanunua kadi mojamoja, ile ninayoitaka, kwa bei ninayoijua. Namuomba muuzaji picha ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni, kadi ikiwa pamoja na kipande cha karatasi chenye tarehe ya leo. Aliye nayo mkononi hukutumia ndani ya dakika tano. Asiye nayo huanza kukueleza habari za simu yake. Pakiti nanunua moja, sikukuu, naifungua na mpwa wangu, tena yeye ndiye anayeichana.

Kucheza

Kadi zilizolala albamuni zinachosha. Nilirudi Mombasa moja kwa moja mwaka 2020, na mpwa wangu alikuwa na miaka minane, umri mzuri. Kwa mashindano rasmi kadi za zamani hazikubaliwi kwenye kundi la kawaida. Kadi za sasa zina herufi ndogo chini kushoto inayoonyesha kama bado zaruhusiwa. Nyumbani hakuna refa.

Deki kamili, yaani fungu la kadi la mchezaji mmoja, ni kadi 60, na kadi yenye jina moja haizidi nne, isipokuwa kadi za msingi za nguvu, zile zinazompa kiumbe uwezo wa kupiga. Unaanza na kadi saba mkononi na sita za zawadi zikiwa zimefunikwa mezani. Ukimwangusha kiumbe wa mwenzako, unachukua zawadi moja. Anayemaliza zake sita ndiye mshindi. Kwa mtoto, gawanya yote kwa mbili: kadi 30, zawadi tatu. Mchezo unakwisha kabla hajaanza kuchungulia zako. Mkumbushe kila zamu kwamba kadi ya nguvu ni moja tu kwa zamu, maana hapo ndipo wote hudanganya.

Chezeni chini, kwenye mkeka, mezani feni huamua mshindi. Kuhesabu majeraha tunatumia komwe za bao. Moja ni pointi kumi. Ni nzito, haziruki, na babake mtoto hulalamika kila akitaka kucheza bao akakuta zimepungua.

Kadi za nguvu ndizo zinazokosekana kwenye mikebe, sijui watoto wa zamani tulizipeleka wapi. Usizinunue. Kata manila kwa kipimo cha kadi, andika, tia kwenye kifuko mbele ya kadi iliyoharibika. Mwandiko wangu mbaya, kwa hiyo mwaka juzi nilimpelekea mama kalamu nene na vipande arobaini. Hakuuliza ni vya nini, alijua. Aliandika MOTO mara ishirini kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama watoto wa gwaride, kisha akaanza MAJI. Katikati akasita.

"Hii ya maji yamshinda yule joka?"

Nikamwambia ndiyo, Charizard udhaifu wake ni maji. Kwa kadi ile ya zamani, pigo la maji humuumiza maradufu.

Akavuta vile vya MAJI upande wake wa mkeka. "Basi mimi nitacheza na hivi," akasema. "Nifundishe."